Vidonge vya Alfajiri na Majani ya Uani

Dafroza alinipigia simu Jumapili asubuhi nikiwa nachambua mchele wa mtu mmoja. Namba sikuijua, lakini sauti niliitambua mara moja kwa ile lafudhi ya Kiha inayoinuka mwishoni mwa sentensi, kana kwamba msemaji anauliza hata pale anapotoa habari. "Dada Somoe, Mama Sifa ametutoka," alisema. "Tumemzika jana, hapa Makere. Amefia kwangu." Nikampa pole, nikauliza kama aliugua sana. "Ni uzee tu, dada. Alipunguza kula, akapunguza kuongea, halafu asubuhi moja hakuamka." Upande wake nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni. Kisha akarudia, taratibu zaidi, "Amefia kwangu," nami nikaelewa kwamba hilo ndilo hasa alilonipigia simu kuniambia. Mtu mwingine angelisikia kama neno la kawaida la msiba. Mimi nilikuwapo Kibondo mwaka ule Dafroza aliposimama katikati ya ua wa baba yake akitaka mwanamke huyohuyo atolewe, yeye na masanduku yake, kabla hajamuua mzee.

Sikupika tena siku hiyo. Niliurudisha mchele kwenye kopo, nikakaa kwenye kochi, mikono mapajani. Ninaishi peke yangu Morogoro na nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nyumba yangu imezoea ukimya, nami nimeuzoea. Upweke nilio nao sasa nimeuchagua mwenyewe. Ule wa Kibondo nilipangiwa na serikali, pamoja na kituo cha kazi. Nilikuwa msichana aliyetoka chuoni juzi, niliyezaliwa na kulelewa Newala, nikapelekwa upande wa pili wa nchi kutoa dawa dirishani, mahali ambapo sikuwa na ndugu wala mwenyeji wa kunipokea. Kila aliyeniona aliniita daktari, ingawa nilikuwa msaidizi wa mfamasia tu, na kila aliyeniita daktari alimaliza shida yake akaondoka. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, baridi ikaingia mpaka ndani ya viatu. Nilikuwa sijawahi kuvaa sweta maishani. La kwanza nililinunua Kibondo, sokoni, la mtumba, lina harufu ya mtu nisiyemjua.

Kazini wenzangu hawakuwa wabaya. Nikiingia chumbani walihamia Kiswahili, wakaniuliza habari za kulala, wakanisogezea kiti. Baada ya muda mfupi mmoja alijisahau na kurudi kwenye Kiha, mwingine akamfuata, kicheko kikazuka, nami nikabaki nikitabasamu kwa kitu nisichokijua. Hakuna anayekufukuza, lakini mazungumzo yanakupita kama maji yanavyolipita jiwe. Nilijifunza kusalimia "mwakeye" asubuhi, nikasifiwa sana kwa neno hilo moja, na sifa hiyo nayo ilinikumbusha kwamba mimi ni mgeni. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikafungulia redio ili nisikie mtu anayezungumza nami, hata kama alikuwa anatangaza bei ya mahindi.

Chumba hicho kilikuwa kwenye ua wa Mzee Filbert, katekista wa siku nyingi, aliyekwisha kuacha kazi lakini bado watu walimwita kwa cheo chake. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bado haijapigwa lipu, bati limeshika kutu pembeni. Ukuta mmoja wa chumba changu ulikuwa pia ukuta wa sebule yake, na haukufika juu kabisa. Kati yake na bati kulikuwa na nafasi, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilinifikia kitandani. Mengi yalisemwa kwa Kiha. Nilikuwa nikisikiliza sauti bila maneno, kama mtu anayesikiliza mvua, nikajua nani ana hasira na nani anabembeleza, bila kujua ni kwa lipi. Jikoni, upande wa pili wa ua, ndiko nilikosikia Kiswahili, na hicho nacho hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa mke wa pili wa Mzee Filbert, aliyemwoa baada ya mama yake Dafroza kufariki. Alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Baraka. Alikuwa amevuka zamani, akauza mawese na samaki wakavu Kasulu, na huko ndiko mzee alikomkuta. Dada yake alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sifa mwenyewe, mwanawe, sikumwona kamwe. Alibaki kule ng'ambo, na namna Mama Sifa alivyotamka neno "alibaki" ilinifanya nisiulize zaidi. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyetembea bila kutoa sauti, na majirani walimwita "yule Mkongomani" hata baada ya miaka yote ile ya kuwatekea maji wagonjwa wao. Wiki ya kwanza hatukuzungumza zaidi ya salamu. Halafu ukafika mwezi wa Ramadhani. Nilifuturu peke yangu, chai na mkate wa dukani, mlango ukiwa nimeufunga ili nisionekane. Jioni ya pili au ya tatu akagonga, bakuli mkononi, uji wa ulezi unatoa mvuke. "Nimeona haukule mchana," alisema. "Juu ya nini unafunga mulango? Mutu hakule peke yake kama mwizi." Tangu siku hiyo nikawa nafuturia jikoni kwake, juu ya kigoda, samaki wa migebuka na ugali wa muhogo, moshi wa mkaratusi ukitutoa machozi, naye akinisimulia habari za soko la Kasulu. Hakunihoji kuhusu dini yangu, wala mimi yake. Tulikuwa wageni wawili tuliokutana kwenye moshi mmoja.

Mzee Filbert alikuwa na ugonjwa wa sukari. Miezi michache kabla sijafika alikuwa amekonda, anakunywa maji kama mkimbiaji, anaamka kila mara kwenda chooni, hadi alipopelekwa hospitali ya misheni akapimwa na kuandikiwa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Alivimeza kwa utii wa mtu wa kanisa. Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika nilisikia kikombe kikigonga meza sebuleni, akikohoa, akimeza, akifanya ishara ya msalaba kwa sauti. Halafu alitoka kwenda kwenye ibada ya asubuhi, na akitoka huko alipitia shambani kuangalia kahawa yake, mara nyingi bila kutia kitu tumboni. Vidonge vilimsaidia. Alirudisha mwili kidogo, akaacha kiu, akaanza tena kutania watu njiani.

Kisha akaanza kuanguka. Mara ya kwanza walisema ni jua. Mara ya pili alianguka kwenye miche ya kahawa, wakamleta begani kwa mtu, jasho limemlowesha shati, anamtukana aliyembeba kwa maneno ambayo hakuna aliyedhani katekista anayajua. Walimpa chai ya sukari, akatulia, akauliza kwa nini watu wamejaa. Hali hiyo ilijirudia, daima kabla ya mchana, na kila mara alipozinduka hakukumbuka kitu. Dafroza akaja kutoka Makere, akamchukua baba yake akakae kwake apumzike. Kule hakuanguka hata mara moja. Alikula, alilala, aliwapigia watoto hadithi, akarudi Kibondo akiwa mzima kabisa, na wiki hiyohiyo aliyorudi akaanguka tena, mbele ya kanisa, watu wakitoka kwenye ibada.

Baada ya hapo nani angehitaji ushahidi mwingine? Kwa binti yake ni mzima, kwa mkewe ni mgonjwa. Hata mimi, niliyekuwa nakula chungu kimoja na Mama Sifa, nilijikuta nikiipanga hesabu hiyo kichwani na kuona jinsi ilivyokaa sawa. Jioni moja sebuleni walikuwapo Dafroza na wazee wawili wa ukoo, wakizungumza kwa sauti za chini. Nilikuwa nimelala, macho juu ya bati. Katika maneno yote yaliyopita juu ya ukuta nilikamata moja, kwa kuwa linafanana na "ulozi" la Kiswahili: *uburozi*. Lilirudi, likarudi tena. Nilipotoka kwenda kuchota maji nilimkuta Mama Sifa amekaa gizani jikoni, moto umezimwa, bado hajapika. Yeye Kiha alikijua vizuri. "Batu banasema mingi," aliniambia.

Jumamosi moja sikuwa na zamu, nikawa nafua uani. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, hajatoka bado, akitengeneza mpini wa jembe. Nilimsikia akiongea, nikadhani ananisemesha mimi. Nilipogeuka alikuwa anauambia mpini ule uondoke shambani kwake. Mikono ilimtetemeka, jasho linamdondoka kidevuni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi hata mimi nilikuwa na sweta. Chuoni walikuwa wametufundisha sura hiyo, na niliijua kama mtu anavyomjua mtu aliyemwona kwenye picha: sukari imeshuka. Nikakimbilia chumbani, nikakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, nikamshika shingo nikamnywesha kidogo kidogo huku akinisukuma. Haikuchukua muda. Macho yakarudi, akanitazama, akatazama kikombe. "Binti yangu," akasema kwa adabu zake zote, "mbona umenimwagia maji?"

Nikajua ugonjwa, lakini chanzo bado. Daktari wetu, kijana kutoka Moshi, alinisikiliza, akaniruhusu nimlete mzee. Akampima, akakuta kipimo kimekwenda chini kuliko kinavyopaswa hata baada ya ile sukari yangu. Alivitazama vidonge, akasema dozi ni ndogo, si ya kumwangusha mtu. Alimuuliza kama anakula, mzee akasema anakula. Akamuuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" Mzee Filbert akavuta pumzi, akaangalia kofia yake iliyokuwa magotini. "Hapana," alisema. Daktari akamshauri asimeze kidonge bila kula, tukarudi nyumbani. Njiani nilijaribu kuzungumza naye, naye akanieleza kwa kirefu habari za mvua.

Chanzo nilikikuta nyuma ya choo. Kulikuwa na kichaka kirefu cha ule mti wenye majani machungu ambao kwa Kiha wanauita umubilizi, na kila nyumba ya upande ule inao. Wananywa kwa homa, kwa tumbo, kwa minyoo. Niliuona kila siku bila kuuona. Alfajiri moja nikaenda chooni mapema kuliko kawaida, ukungu bado mzito, nikamkuta Mama Sifa anachuma. Matawi ya upande wa ua yalikuwa na majani yake yote. Ya upande wa ndani, yasiyoonekana kutoka nyumbani, yalikuwa yamebaki vijiti. Alishtuka, akayaficha majani kwenye kanga kama mtoto aliyeshikwa na andazi. Sikuwa hata nimeuliza. "Miye sikumupa sumu," alisema. "Yeye mwenyewe alinisema nimupikie. Kinini ya hospitali anameza, kiisha anakunywa majani. Mama yake alikuwa anaponyesha batu na haya. Alisema, pika, fanya iwe nguvu, lakini usiambie mutu. Miye nitamukatalia ginsi gani? Ni bwana yangu."

Tulisimama pale kwenye baridi, harufu ya majani yaliyovunjika ikitupanda puani. Nikamuuliza alianza lini. Alianza majuma machache kabla ya kuanguka kwa kwanza. Nikamuuliza kama kule Makere mzee aliyanywa. Hapana, kwa Dafroza angeona aibu. Na kadiri alivyoanguka ndivyo mzee alivyoagiza majani yazidishwe, maana aliamini ni sukari inayopanda. Kila kitu kikakaa mahali pake, na hapo nikaona ugumu. Kwamba Mama Sifa hakumlisha mumewe sumu, hilo ningeweza kulisema. Lakini ili kulisema ilinibidi niseme pia kwamba kikombe alichokipika kwa mkono wake, kwa upendo, kila alfajiri, ndicho kilichokuwa kinamwangusha. Alisoma usoni mwangu kabla sijatamka. "Ni miye?" aliuliza. "Ni majani pamoja na vidonge, Mama," nilimjibu. "Kimoja peke yake kisingefanya hivi." Akatikisa kichwa polepole, akainama, akaweka majani yote chini ya mti, moja juu ya jingine, kana kwamba anayarudisha.

Asubuhi ile haikuwa na chai ya majani, na mzee hakuanguka. Lakini ukoo ulikuwa umekwisha kuitana. Nilimfuata Mzee Filbert shambani nikamweleza yote, na nikamwambia, kwa heshima niliyoweza, kwamba yeye ndiye anayepaswa kusema. Aliendelea kupalilia. Alipokuwa katekista, alisema, alisimama mbele ya watu miaka na miaka akiwakataza mizizi na makombe. Alimzuia hata mama yake mzazi, na mama akafa hajamsamehe. Leo asimame mbele ya ukoo aseme anajificha chooni na majani ya mama yake? "Utawaeleza wewe, binti yangu. Wewe ni daktari. Watakusikia." Nikamwambia mimi si daktari, na wala hawatanisikia. Alikuwa mtu mwema, nimekutana na wachache wema kama yeye, na alikuwa tayari kumwacha mkewe afukuzwe.

Kikao kilikaa uani, mchana, viti vya kuazima kutoka kanisani vimepangwa kivulini mwa nyumba. Mkubwa wao alikuwa Mzee Gwimo, kaka yake Filbert, aliyekuja kutoka Kasanda, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Mama Sifa hakukaribishwa kikaoni. Alikuwa jikoni akipikia wageni, mlango wazi, hatua chache tu kutoka walipokaa. Dafroza alizungumza kwanza, akizunguka katikati yao, na alipofikia mwisho alihamia Kiswahili ili jikoni wasisingizie kutoelewa. "Kwangu baba anakaa mzima. Hapa anaanguka. Mimi sina elimu, lakini hilo ng'ombe anaelewa. Huyu mama achukue masanduku yake leo, arudi kwao, kabla hatujamzika baba." Hakuna aliyepinga. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu. Nikaomba ruhusa ya kusema.

"Sema, mwana wanje," alisema Mzee Gwimo, yaani mwanangu.

Nikasema. Niliwaambia mgonjwa wa sukari ni kama mtungi uliojaa hadi unamwagika. Kidonge cha hospitali kinachota kila siku kwa kipimo. Umubilizi nao unachota, na hakuna anayejua kwa kipimo gani, kwa sababu jani la kiangazi si sawa na la masika, na mkono wa mpishi si mizani. Akichota mmoja, mtungi unabaki na maji. Wakichota wawili kwa pamoja, na mwenye mtungi ameondoka asubuhi bila kula, mtungi unakauka; na kwa kuwa ubongo unaishi kwa sukari, ubongo ndio wa kwanza kupiga kelele. Ndiyo yale matusi, ndiyo lile jasho. Niliwaambia pia kwamba kila dawa mwishowe hupita kwenye ini ili ivunjwevunjwe na kutolewa, na yapo majani yanayolichelewesha ini, hadi kidonge cha leo kinakikuta cha jana bado mlangoni. Kama umubilizi unafanya hivyo pia sikujua, na nikasema sijui. Lakini kule Makere mzee alikuwa anameza vidonge vilevile na hakunywa majani, ndiyo maana hakuanguka. Walisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea. Mzee mmoja akasema kwamba hata shemeji yake aliwahi kuanguka hivyohivyo. Nikadhani tumevuka.

"Nimekuelewa," alisema Mzee Gwimo. "Sasa niambie. Majani hayo, nani aliyapika?"

Nilimtazama Mzee Filbert. Alikuwa anakagua kidole chake. "Ni Mama Sifa," nikasema, kwani ndiyo ilikuwa kweli.

"Si ndilo ninalosema!" Dafroza alipiga kelele. "Ni yeye! Mkono wake!"

Kutoka jikoni sauti ya mwiko kwenye sufuria ikakoma. Nakumbuka tu jinsi kila mtu alivyoacha kutazama upande ule. Kisha Mzee Filbert akavua kofia. Alisimama kwa shida, akishika mgongo wa kiti, na alisema kwa Kiswahili, si kwa Kiha, jambo ambalo nimelishukuru hadi leo, kwa sababu hakuwa anasema na ukoo. "Ni mimi. Nilimwagiza mimi. Yeye alisema tuwaulize wa hospitali kwanza, nikamkataza. Nilipoanguka nikamwambia azidishe. Nikamwambia asimwambie mtu. Niliona haya." Mzee Gwimo alimgeukia mdogo wake. "Filbert," alisema, "ukamwacha mke wako atukanwe kwenye ua wako kwa ajili ya aibu ya majani?" Filbert akakaa.

Kesi ikawa imeisha. Mama Sifa akatoka jikoni na chakula, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva na wageni hawaachwi na njaa. Aliweka ugali katikati, maharage ya mawese, migebuka ya kukaanga, akapitisha maji ya kunawa. Wote walinawa. Halafu hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa wameelewa maelezo yangu, walikuwa wamesikia maneno ya mzee kwa masikio yao, vichwa vyao vilikuwa vimekubali. Ila mikono ilibaki magotini, ikidondosha maji. Mama Sifa alisimama na birika, akisubiri. Nilisogea, nikachuchumaa kati ya wanaume wale bila kualikwa, nikamega. Nilikula peke yangu tonge kadhaa huku wakinitazama, na sijawahi kula chakula kirefu kama kile. Kisha Mzee Filbert akaja, kisha Mzee Gwimo. Dafroza hakula. Alikunywa maji aliyokuja nayo, akaaga, akaondoka.

Baada ya hapo mzee hakuanguka tena. Alirudi kwa daktari, safari hii akasema kila kitu, akachagua vidonge na kuyaacha majani, akala kabla ya ibada. Nami dirishani kwangu nilibadilisha swali. Sikuwauliza tena watu kama wanatumia dawa nyingine, maana kwao majani si dawa, ni majani tu. Niliuliza, "Leo asubuhi umekunywa nini?" Hilo nimeliuliza maisha yangu yote ya kazi, na ningeweza kujaza chumba kwa majibu. Dafroza alikaa muda kabla ya kurudi. Siku aliyokuja alisimama mlangoni pa jiko, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Marahaba," alijibu Mama Sifa, akamsogezea kigoda. Miaka baadaye, mzee alipokufa kwa uzee wake, Dafroza ndiye aliyekuja kumchukua Mama Sifa akakae naye Makere.

Lakini katika miezi iliyobaki ya mwaka ule, kuna kitu kilikuwa kimeingia kwa Mama Sifa ambacho hakuna kikao kingeweza kukitoa. Alianza kuonja. Si ile ya mpishi kuonja chumvi jikoni. Alileta chakula mbele ya watu, akakaa, akamega tonge, akachovya kwenye kila bakuli, akala, akameza, akangoja kidogo macho yakiwa chini, ndipo akakisukuma kwa mumewe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mzee alimsihi, "Acha, mama, acha, tafadhali," na mara moja nilimwona machozi yakimlenga. Hakuacha. Akija mgeni alifanya hivyo, asipokuja mgeni alifanya hivyo. Jikoni hatukuzungumza kama zamani. Bado nilikaa kwenye kigoda changu, bado moshi ulikuwa uleule, ila alikuwa akitazama moto na mimi nikimtazama yeye, kila mmoja na nyumba yake ndani ya kichwa.

Mwaka ukaisha, uhamisho wangu wa kwenda Kasulu ukatoka, na gari la hospitali likaja kunichukua asubuhi yenye ukungu. Mzee Filbert alinibariki kwa mkono kichwani, hakujali mimi ni wa dini gani. Sanduku langu lilikuwa uani, dereva anazungusha injini. Mama Sifa akatoka jikoni na kifurushi cha jani la mgomba, bado cha moto. Alipiga magoti akakifungua juu ya sanduku: chapati, na mgebuka wa kukaanga. Akachana kipande cha chapati, akala. Akavunja upande wa samaki, akala. Akameza, akangoja, macho chini, halafu akaanza kukifunga ili anipe.

"Mama," nilisema, "hata mimi?"

"Nimezoea, mwanangu," alisema bila kuniangalia. "Mukono unajiendea wenyewe."

Nilikuwa nimekwisha kunywa chai na sikuwa na njaa. Nilikichukua kifurushi mikononi mwake kabla hajamaliza kukifunga, nikakaa juu ya sanduku langu palepale uani, nikala. Nilikula chapati yote, nikamla samaki hadi nikafyonza miiba, huku dereva akipiga honi, akisema barabara ya Kasulu haingoji mtu. Mama Sifa alibaki amesimama mbele yangu, mikono ndani ya kanga, akinitazama tonge kwa tonge. Nilipomaliza alilichukua lile jani tupu, akaligeuza huku na huku. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao, nilimwona akicheka.

"Sasa mu njia," aliniuliza, "utakula nini?"